Tulivyomtafuta Nekesa Kibera

Wenzangu mliobaki mezani mmeniomba niandike machache kuhusu kazi ya kuandikisha vifo, kabla sijazoea kulala mpaka jua liwake nikasahau yote. Vyeo sitavitaja maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaanza na siku yangu ya kwanza.

Ilikuwa Kawangware, katika ofisi ndogo ya mabati iliyochemka mchana na kutoa jasho asubuhi. Mkubwa wangu aliitwa Agneta, mama mwembamba kutoka upande wa ziwa, aliyefunga miwani yake kwa uzi mweusi shingoni kama mtu anayeogopa itatoroka. Nilikuwa nimevaa viatu vipya na nina hamu ya kufanya kazi. Mteja wa kwanza alikuwa fundi wa mbao aliyefiwa na mkewe nyumbani. Alipoingia tu nikashika kalamu nikamuuliza, "Jina la marehemu?"

Agneta aliweka mkono wake juu ya wangu. Akamvutia yule mwanamume kiti, akamuuliza ametembea kutoka wapi, kama amekula, na watoto wamebaki na nani. Walizungumza hivyo kwa muda mrefu huku mimi nikiitazama kalamu. Mwishowe yule fundi alisema mwenyewe jina la mkewe, taratibu, pamoja na jina la babake na la kijiji alikozaliwa.

Alipotoka, Agneta akaniambia, "Peris, mtu aliyefiwa usimwandike kabla hajapumua. Ukimwandika akilia, utaandika kilio. Halafu miaka kumi baadaye mtoto wake anakuja hapa kutafuta mama, anakuta kilio."

Sijawahi kufundishwa jambo kubwa kuliko hilo, na mafunzo nimeyahudhuria mengi, mengine yakiwa na soda.

Jambo lake la pili lilikuwa kuhusu majina. Alisema mtu anayeishi mitaa yetu ana jina la nyumbani, jina la kanisani, na jina ambalo jirani humwitia akikosa chumvi. Fomu ina nafasi ya moja. Basi yeye aliandika moja kwenye mstari, na mengine akayabana pembeni kwa penseli nyembamba. Wakaguzi walikuja wakamgombeza kwa kuchafua ukurasa. Aliwasikiliza kwa heshima, akawakaribisha chai, na walipoondoka akachonga penseli.

Vifaa vyetu vilikuwa lenzi ya kukuzia maandishi, rula, karatasi za kaboni, tembe nyeupe za kufukuza nondo, na muhuri uliokuwa na tabia ya kukwama tarehe ya jana. Kwa sababu ya muhuri huo kuna watu Kawangware waliofariki siku moja kabla ya kuugua. Siku moja alikuja pia bwana mmoja kulalamika kwamba tumemwandika amekufa. Binamu yake alikuwa amekwenda hospitali na kitambulisho chake, akafia huko. Agneta alimkagua juu hadi chini, akampa kiti. "Kaa, baba," akamwambia. "Wewe ndiye wa kwanza kurudi, hatujui utaratibu." Yule bwana alicheka mpaka akasahau hasira. Kumrudisha kwenye uhai kulichukua miezi mingi lakini, niseme ukweli.

Agneta alistaafu, mimi nikahamishiwa Kibera. Huko ndiko nilikojifunza kwamba vitabu vya mazishi vya jiji ni vitabu vya upweke. Mtu wetu, awe wa magharibi au wa ziwa, akifa Nairobi watu huchanga, husimamisha harambee, humsafirisha. Anayebaki kuzikwa mjini mara nyingi ni yule ambaye hakuna aliyemjia. Kwa hiyo ukifungua kurasa za zamani unakuta mistari mifupi: mwanamke, mtu wa magharibi, jina halijulikani. Hapo ujue kwamba mahali fulani kuna watu wanamngoja bado.

Kesi nitakayoisimulia ililetwa na msusi.

Aliitwa Violet Nafula. Alikuwa na kibanda cha kusuka nywele kule Kabiro, Kawangware, na Jumatatu ndiyo siku aliyofunga. Jumatatu moja alikuja ofisini, miaka michache kabla sijastaafu, akiwa na mkoba mdogo na bado ana harufu ya mafuta ya nywele.

"Mama, natafuta shosho," akasema. "Mamake babangu. Alikufa hapa Kibera kitambo, hata mimi sikuwa nimezaliwa."

"Alikufa mwaka gani?"

"Hatujui."

"Jina?"

"Nekesa."

Nilingoja jina la pili. Halikuja.

Nikamvutia kiti, kama nilivyofundishwa, akanieleza. Babake, Mzee Wafula, alikuwa nyumbani Bungoma, anaumwa moyo. Nekesa alimwacha akiwa mtoto ambaye hajaanza shule, akaja Nairobi, na hakurudi. Mzee alilelewa na baba yake mdogo, na kila alipokosea aliambiwa, "Mamako mwenyewe alikutupa, sisi tufanye nini." Miaka mingi baadaye msafiri mmoja alileta habari kwamba Nekesa alikufa Kibera. Hakusema zaidi, naye pia alikufa.

Sasa wazee wa ukoo walitaka Nekesa apewe kaburi nyumbani kabla mwanawe hajafa. Kwetu magharibi, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikiwa shina la mgomba. Shina lilikuwa tayari limechaguliwa. Lakini Mzee Wafula alikataa.

"Anasema hawezi kuzika mgomba aite mama," Violet akaniambia. "Anataka kujua kama kweli alimtupa. Akijua hata kama ni ndiyo, ni sawa, atatulia. Hiyo ndiyo imenileta."

Tulianza na karatasi, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyolipwa kufanya. Nilipekua rejista tulizokuwa nazo. Miaka mingine ilikosekana kabisa, mingine mchwa walikuwa wamekula pembeni, pale pale Agneta wangu angeandika kwa penseli. Akina Nekesa walikuwepo, maana kwetu msichana wa msimu wa mavuno huitwa hivyo, na kila mavuno huzaa akina Nekesa, lakini huyu alikuwa mtoto mchanga, yule alikuwa na mume anayejulikana. Nikamwandikia barua ya kwenda kwenye makaburi ya umma ya jiji. Huko walimruhusu akae na vitabu. Alirudi baada ya Jumatatu kadhaa na karatasi aliyonakili kwa mkono: wanawake wanne wasio na majina, wote watu wa magharibi, wote wa makamo, wote waliotoka Kibera.

Akiwa mbele yangu simu yake ililia. Alikuwa binamu ya babake, mwana wa yule baba mdogo. Violet alifungulia spika akaweka simu mezani ili anisalimie, kwa hiyo nilisikia yote.

"Umepata wanne?" binamu akauliza. "Basi chagua mmoja. Nani atajua? Tuchukue udongo hapo, tuzike, mzee apumzike."

Violet aliitazama ile karatasi. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Kila Jumatatu aliyokuja kwangu alikuwa anaacha kufua, kulala na kanisa la jioni. Mimi pia, nakiri, nilidhani atakubali. Wengi wangekubali, na nisingewalaumu.

"Hao ni shosho za watu," akasema. "Nikichukua mmoja, siku wajukuu wake wakija, watakuta nimemhamisha. Na babangu nitamwangalia na macho gani?"

"Sasa utatafuta mpaka lini?"

"Mpaka nimpate ama nikose. Lakini siokoti."

Akakata simu, akaikunja ile karatasi vizuri. Nimefanya kazi na watu wengi wenye kiapo cha ofisi, lakini heshima ya namna hiyo kwa maiti asiyemjua nimeiona mara chache. Niliamua siku hiyo kwamba huyu binti sitamwacha.

Nikamwambia alichoniambia Agneta, kwamba mtu ana zaidi ya jina moja. "Nekesa ni jina la Bungoma. Hapa Kibera huenda hakuna aliyewahi kulisikia. Muulize baba anakumbuka nini kingine. Si jina. Kitu chochote."

Alimpigia pale pale. Sauti ya mzee ilikuja, nzito na ya taratibu. Alisema sura ya mama haikumbuki tena. Anakumbuka mkono. Mama aliwahi kumwagikiwa na uji wa moto, mkono wa kushoto ukaungua kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Kovu lake lilikuwa laini kuliko ngozi nyingine, nalo halikuwa na kinyweleo hata kimoja. "Nilikuwa nalala nikilishika," akasema. "Ndiyo kitu ninakumbuka."

Violet aliacha kuuliza habari za Nekesa. Akaanza kuuliza habari za mwanamke aliyeungua mkono.

Kila Jumatatu alikwenda Kibera na chanuo lake, akapita kwa bibi wazee, wale waliokuwa pale tangu nyumba za kwanza za udongo. Wazee huwa wamezoea kuulizwa maswali na watu wenye vitabu, na wamechoka. Violet yeye alikaa nyuma yao akawachana na kuwasuka nywele zao nyeupe, bila kuwaharakisha, wakazungumza wanachotaka. Wengine walizungumza habari za kodi ya nyumba mchana kutwa. Alisikiliza hata hizo. Jioni akipita ofisini ananiambia, "Leo ni kodi tu, mama," anacheka, anakwenda zake.

Siku aliyokuja bila kucheka alisimama mlangoni akashika fremu. "Mama, njoo. Kuna mtu ameniuliza ni mkono wa kushoto?"

Tulikwenda pamoja upande wa Makina, kwenye nyumba za Wanubi, Waislamu waliotangulia kuishi Kibera. Ndani ya ua uliofagiwa vizuri alikaa Bi Halima, mama mzee mwenye mtandio wa kijani, akisuka ungo. Violet alikuwa amemwachia nywele nusu zimesukwa, nusu hazijasukwa, na mwenyewe hakuonekana kujali. Nilimsalimia, nikamweleza mimi ni nani. Nikamwuliza alimjuaje mwanamke huyo.

"Nilimwosha," akajibu. "Alipokufa mimi nilikuwa msichana mkubwa. Mama yangu ndiye alikuwa muosha maiti wa wanawake, akaniambia nimwagie maji. Nilimwaga maji juu ya mkono ule. Ulikuwa hivi." Akapitisha kidole kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, mkono wa kushoto.

"Aliitwa nani?"

"Mariamu."

Violet alikaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa.

Bi Halima alitueleza yaliyosalia kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa ameyaweka kabatini akingoja mwenyewe aje. Mariamu alifika kwao akiwa na njaa na kanga moja. Mamake Halima akampa kazi ya kusaidia nyumbani, kisha chumba, na mwishowe akawa kama mdogo wake. Alisilimu kwa hiari yake. Huko kwao mume alikuwa amekufa, na shemeji akataka kumrithi. Alikataa. Wakamwambia basi aondoke, lakini mtoto ni wa ukoo. Aliondoka akidhani atapata kazi arudi kumchukua.

"Alirudi?" Violet akauliza.

"Mara moja. Alinunua shati na kaptura, akasafiri. Hawakumpitisha mlangoni. Shemeji alichukua zile nguo, akamwambia mtoto ameshamsahau. Alipofika hapa hakula siku nyingi. Mama yangu alikuwa akimlisha kwa kijiko."

Shemeji huyo, kama mmeshaelewa, ndiye baba mdogo aliyemlea Mzee Wafula.

Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha, na nilithibitisha. Tulikwenda kwa kamati inayosimamia makaburi ya Waislamu, wakatupokea vizuri. Jina lilikuwepo: Mariamu binti Abdalla. Hapakuwa na kabila, kwao, wala umri. Mtu akisilimu na babake si Mwislamu, mara nyingi huitwa wa Abdalla, maana yake mja wa Mungu. Ningeweza kulipita jina hilo mara mia kwa lenzi yangu. Kitabu kilitaja tu upande wa makaburi aliolazwa. Kaburi lenyewe halikuwa na alama, na msimamizi hakutaka kubahatisha. Alituonyesha kipande cha ardhi chenye nyasi na mawe madogo, akasema, "Yuko hapa, kati ya hawa."

Violet alimpigia babake jioni hiyo. Daktari alikuwa amemkataza mzee kusafiri. Wiki iliyofuata alishuka Nairobi akiwa na fimbo na kofia ya kanisani, akalala kwa bintiye Kabiro, na asubuhi tukaenda Kibera sote.

Alikuwa mrefu, amepinda kidogo, anatembea kama anayesikiliza miguu yake. Bi Halima alikuwa anatungoja langoni mwa makaburi. Nilikuwa nimewaza sana nitawajulishaje, lakini sikupata nafasi. Mzee alimsalimia, akavua kofia, akamuuliza swali lake kabla hajauliza jingine lolote.

"Alikuwa akinitaja?"

Bi Halima alimsogelea. "Mimi ndiye mtoto aliyemlea nyumbani pale," akasema. "Akinifunga mgongoni aliniita Wafula. Akinilisha, Wafula. Nikilia, nyamaza Wafula. Nilikua nikidhani kwa lugha yenu Wafula maana yake ni mtoto."

Mzee aliegemea fimbo yake. Hakulia kwa sauti. Violet alimshika upande mmoja, na Bi Halima, ambaye hakuwa amewahi kumwona, akamshika upande wa pili. Wakaingia naye hivyo. Mimi nilibaki nyuma hatua kadhaa, maana kuna mahali ambapo karani hana kazi.

Kwenye kile kipande cha nyasi alisimama, kofia mkononi. Aliuliza walimlaza vipi, msimamizi akamweleza kwamba kwa ubavu wa kulia, akielekea Kibla. Aliuliza nani alimwombea. Bi Halima akasema mtaa mzima. Violet alikuwa amebeba mfuko mdogo wa kitambaa wa kutilia udongo, kama wazee wa ukoo walivyoagiza. Akautoa.

"Rudisha," mzee akasema.

"Lakini baba, wazee—"

"Wazee nitaongea nao mimi. Kwetu walimfukuza, hapa walimwosha. Sitamtoa mahali alipopokewa. Mgomba waupande, uzae ndizi."

Baadaye ofisini aliniomba kifo cha mamake kiandikishwe, ingawa ni cha zamani. Tulifuata utaratibu wa vifo vilivyochelewa: kiapo, barua ya kamati, ushahidi wa Bi Halima aliyeweka kidole gumba kwa umakini mkubwa. Katika nafasi ya jina niliandika Mariamu Nekesa. Najua ningeulizwa ni lipi kati ya hayo mawili, nami nilikuwa nimejiandaa kukaribisha mtu chai. Hakuna aliyeuliza.

Kwa hivyo nyinyi mliobaki, msinielewe vibaya. Vitabu vitunzeni, nondo ni adui. Lakini kitabu kikikosa, mtu hajapotea. Tafuteni aliyemwosha, aliyemlisha, aliyelala chumba cha pili. Na mkiona mtu kama Violet, aliyeacha Jumatatu zake zote kwa ajili ya bibi ambaye hakumjua, mpeni kiti kizuri.

Mzee Wafula aliishi mwaka mmoja na zaidi baada ya safari hiyo, muda mrefu kuliko daktari alivyotarajia. Violet aliniambia alibadilika, akawa anacheka na wajukuu, na kila Ijumaa alimpigia Bi Halima simu wakaulizana hali. Hawakuwa na mengi ya kusema. Walipenda tu kusalimiana.

Mzee alipokufa nilikuwa tayari nimestaafu, nikaenda Bungoma kwenye mazishi kama mgeni, bila muhuri. Bi Halima alisafiri pia, pamoja na miguu yake mibovu. Watu walimtazama, mama wa Kinubi mwenye mtandio katikati ya wimbo wa kanisa, lakini Violet alimweka kiti mbele, akamfunika magoti kwa leso. Wana wa yule baba mdogo walikaa upande wa pili wa hema.

Kaburini mchungaji aliita watoto wa marehemu wakatia udongo, kisha wajukuu. Halafu akatazama karatasi yake, akasema dada za marehemu waje mbele. Kila mtu kwenye boma lile alijua kwamba Wafula alizaliwa peke yake, na mchungaji mwenyewe akaanza kuangalia jina linalofuata.

Bi Halima alisimama, akajifunga mtandio vizuri, akaenda.